Tonga Lililovuka Mto

Nelly alichomwa sindano ya surua na hakulia.

Muuguzi alikuwa ameshajiandaa. Alimshika bega, akachoma, akachomoa, kisha akasubiri kile kilio ambacho kila mtoto hukitoa. Hakikuja. Nelly alimtazama usoni bila kupepesa macho, kama mtu mzima aliyeuliza swali na anangoja ajibiwe.

"He! Huyu mwanajeshi," muuguzi alisema. "Mama, unampa nini nyumbani?"

Kina mama waliokuwa kwenye benchi walicheka. Luciana naye alitabasamu na kuinamisha kichwa, kama alivyozoea kila anapotazamwa na watu wengi. Lakini alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni alirudi nyuma kwa mawazo. Leo ilikuwa Jumatano. Walirudi kutoka kisiwani Jumapili. Tangu Jumapili, Nelly, mtoto wa miezi tisa anayeota meno, hakuwa amelia hata mara moja.

Wazo la kwenda kisiwani lilikuwa la mumewe. Gosbert alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi Ifakara akaoa hukohuko. Likizo ya Juni ilipofika alisema, "Wenzetu wanakwenda Unguja kupunga upepo. Sisi tutakwenda kisiwa chetu. Shangazi yako si ana kambi katikati ya mto?"

Shangazi huyo aliitwa Tekla, dada wa baba yake Luciana, Mndamba wa mtoni hasa. Kila mwaka maji ya masika yakishapungua alihamia kwenye kisiwa kimoja cha Mto Kilombero na kukausha samaki huko mpaka mvua zirudi. Mwanawe Octavian, mwanamume wa watoto watatu, ndiye aliyewavusha kwa mtumbwi.

Zilikuwa siku nne nzuri. Gosbert alipiga picha sheshe, wale swala wa bondeni, waliokuja kunywa maji ng'ambo, pembe zao zimesimama juu ya majani, na milima ya Udzungwa ikiwa ya buluu nyuma yao. Walikula kambale kwa wali mpya. Walikula ukwaju mpaka meno yakafa ganzi. Luciana alifundishwa kusuka mgono wa kutegea samaki, akakosea, akacheka kwa sauti bila kuziba mdomo, jambo ambalo Gosbert alikuwa hajaliona tangu waoane.

Lakini kilichompendeza Gosbert kuliko vyote ni matonga. Mitonga ilijaa nyuma ya kambi, mifupi, yenye miiba, na matunda yake ya duara yana ganda gumu kama ubao. Ukilipasua tonga, ndani mna uji wa kahawia, mtamu wenye ukali kidogo, umeshikana na mbegu; unanyonya mbegu mojamoja na kuzitema. Kulikuwa na jiwe bapa la kupasulia, na pembeni yake rundo la maganda ya miaka mingi.

"Mkwe, kula hata ishirini," Tekla alimwambia. "Ila yapasuliwe hapahapa. Tonga zima halitoki kisiwani."

"Kwa nini, Shangazi? Watu wa maliasili watanikamata?"

"Wewe cheka tu. Likishapasuka ni tunda. Kabla halijapasuka hujui kama kuna mtu kapanga humo."

"Na kodi analipa?" Gosbert aliuliza, na Octavian akacheka mpaka akakohoa.

Tekla hakucheka. Siku ya tatu alipowakuta wanaume hao wawili wakipigiana tonga danadana mchangani, aliwanyang'anya kama watoto, akaenda kulipasua kwenye jiwe huku akinong'ona maneno ambayo hata Luciana hakuyaelewa.

Asubuhi ya Jumapili, siku ya kuondoka, Nelly aliamka akilia. Fizi zilikuwa zimemvimba. Baba alimrusha juu, akalia. Shangazi alimwimbia, akalia. Alilia mpaka wavuvi wa kambi ya pili wakaja kuuliza kuna nini, na mmoja akasema mama wa siku hizi hawajui kubembeleza. Luciana alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimchukua mtoto akaenda naye nyuma, kwenye mitonga, akamketisha chini.

"Nyamaza basi, mama," alimwomba. "Nyamaza tu. Chochote unachotaka nitakupa."

Nelly aliokota tonga dogo lililoanguka. Akalikumbatia, akagandamiza fizi zake kwenye ganda lile la ubaridi, akanyamaza.

Mtumbwi ulipokuwa tayari Luciana alijaribu kumnyang'anya. Mtoto akakunja uso kuanza upya. Ufukweni watu walikuwa wamejipanga kuwaaga, wote wakimtazama yeye. Luciana akashusha kitenge, akalifunika tonga pamoja na vile vimikono vilivyolishika, akapanda. Katikati ya mto aliwaza kulitupa majini, lakini Octavian alikuwa amesimama na pondo lake la kusukumia mtumbwi akitazama upande wao, na Luciana akaona aibu. Nyumbani kwao Lipangalala alilisukuma chini ya kitanda, ndani ya beseni la nguo chafu, akajiambia kesho atalipasua. Kesho yake hakulipasua.

Alhamisi asubuhi, siku moja baada ya kliniki, jirani yake Sada alimwita juu ya ua.

"Mama Nelly, jana mlikwenda wapi na jua lile? Mtoto kalia humo ndani mpaka nikataka kuvunja mlango."

"Jana saa ngapi?"

"Adhuhuri hivi. Nimegonga, nimeita, kimya. Analia tu, na ile kwikwi yake."

"Jana adhuhuri tulikuwa kliniki, Mama Mudi. Nilikuwa naye mgongoni."

Sada alicheka kidogo, akaacha. Akamtazama Nelly aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, na Nelly akamtazama yeye. Jua lilikuwa kali, lakini Sada alivuta kanga yake mabegani na kurudi ndani kwake bila kuaga.

Siku hiyohiyo Luciana aliisikia mwenyewe. Ilikuwa saa saba, ule muda ambao mtaa mzima hunyamaza kwa joto, hata bodaboda huegeshwa vivulini. Alikuwa anachambua mchele chumba cha mbele, Nelly amekaa mkekani mbele yake, ameshika kijiko. Kwanza ilikuja harufu: tope la mtoni, samaki wabichi, na juu yake utamu mzito wa tonga lililoiva kupita kiasi. Kisha sauti. Ilikuwa ya mtoto analia, lakini kwa mbali, imezibwa, kama mtoto aliyefungiwa ndani ya sanduku na sanduku likafunikwa kwa magodoro.

Luciana aliweka ungo chini. Alimtazama mwanawe mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta beseni kutoka chini ya kitanda, akaondoa shuka, akaondoa shati la Gosbert, na kila nguo aliyoiondoa sauti ilizidi kuwa karibu, mpaka akalifikia tonga, na tonga lilikuwa na joto kama kichwa cha mtoto mwenye homa, na alipoliweka sikioni alisikia humo ndani kilio cha Nelly, si cha mtoto mwingine yeyote, kile kinachoanza juu, kinashuka, kinakwama kwenye kwikwi mbili halafu kinaanza tena, kilio ambacho Jumapili alikiombea kinyamaze. Aligeuka. Yule wa mkekani alikuwa ametambaa mpaka mlangoni bila kutoa mlio wowote, ameketi, anamwangalia.

Luciana alilirudisha tonga, akalifunika, akalisukuma hadi ukutani. Gosbert alipotoka matembezini hakumwambia kitu. Angeanzaje? Kwamba Shangazi alikataza, yeye akasikia, na bado akalivusha kwa sababu aliogopa watu?

Ijumaa Nelly aliukataa uji. Aliuacha ukae mdomoni, kisha akafungua midomo ukachuruzika wenyewe. Jumamosi Gosbert naye aliisikia sauti, akiwa anasahihisha daftari. Alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili, akarudi amepauka.

"Mama Nelly," alinong'ona, "mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, nimempakata."

"Basi nani analia?"

Gosbert alimpigia simu Tekla. Tekla alisikiliza, kisha akasema pale Lipangalala yupo mtu wa mtoni anayeyajua mambo hayo, fundi baiskeli anayeitwa Theodori, aitwe leo leo.

Theodori alikuja saa kumi jioni akiendesha baiskeli ya mteja, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Aliwasalimu, akaomba sabuni, akanawa. Hakuwa na kibuyu wala ngozi ya mnyama. Alimchukua Nelly, akamnusa utosini, akamrudisha haraka.

"Huyu anatoka kisiwani," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini la kwenye mitonga. Yeye haingii nyumba ya mtu bila kubebwa. Nani amembeba?"

Luciana aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Nauliza tena. Nani kavusha kitu? Nisipojua aliyemleta, siwezi kumtoa. Atakayejificha anamficha na yeye."

"Pengine ni mimi," Gosbert alisema. "Nililipiga tonga teke. Shangazi alikasirika."

"Ulilivusha?"

"Hapana. Labda mbegu kwenye kiatu. Sijui, mzee. Nilifanya mzaha sana kule."

Theodori alimtazama Luciana. Luciana alifungua mdomo, akaona kwenye ua vichwa vya majirani na wanafunzi watatu wa mumewe, akaufunga.

Ikabidi aogeshwe Gosbert. Alivuliwa shati uani, mwalimu mzima, akakalishwa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamwagiwa maji ya majani yaliyopondwa huku akitakiwa kusema kwa sauti, "Nimekosa, nimemdharau mwenye kisiwa." Mwanafunzi mmoja alicheka, mwenzake akampiga kofi. Gosbert alisema maneno yale mara saba. Luciana alisimama mlangoni na mtoto mkononi, na kila mara mumewe alipotamka "nimekosa", alihisi vidole vidogo vikimbana shingoni, taratibu, kama vya mtu anayefurahi.

Haikusaidia kitu. Jumapili ile sauti ilianza kudhoofika. Haikuwa tena inaanza juu. Ilitoka kwa vipande, na kati ya kipande na kipande palikuwa na kimya kirefu ambacho Luciana alikihesabu kwa pumzi zake. Alimfuata Theodori kibandani, akamkuta anaziba pancha.

"Mzee, shikamoo. Hiyo sauti... ikiisha?"

Theodori hakuinua uso. "Marahaba. Ikikauka, mnabaki na huyo mliye naye. Mtamlea. Atakua, atakwenda shule. Ila hatakuwa wenu."

Luciana alirudi akikimbia kwenye vumbi, sandali moja ikabaki njiani. Gosbert alikuwa ameketi kizingitini. Luciana alipita, akaingia chumbani, akatoka na tonga limefungwa kwenye shuka, akaliweka miguuni pake.

"Mimi ndiye niliyelivusha," alisema. "Alikuwa analia, watu wananiangalia. Niliona aibu. Na jana pia niliona aibu."

Gosbert alilitazama tonga muda mrefu. Humo ndani kitu kilikwaruza mara moja.

"Nimeogeshwa mbele ya wanafunzi wangu," alisema.

"Najua, Baba Nelly."

"Mara saba, Luciana. Na wewe umesimama pale." Kisha akanyanyuka na kupangusa suruali. "Twende mtoni. Hayo mengine tutaongea mtoto akipatikana."

Bajaji iliwafikisha Kivukoni, na saa tisa walikuwa kisiwani. Tekla hakumgombeza Luciana. Alimshika tu mkono, akampeleka kwenye jiwe bapa nyuma ya kambi, wavuvi wakiwafuata kwa mbali.

"Aliyelibeba ndiye analipasua," alisema. "Na usimwachie mtoto mtu mwingine. Mshike kwa mkono mmoja, lipige jiweni kwa mkono mwingine. Sema kosa lako, wasikie wote."

Watu kama kumi na watano walikuwa wamesimama. Luciana aliwatazama mmoja mmoja. "Nilikatazwa nikavusha tonga zima," alisema, na sauti yake ilifika mpaka wa nyuma. "Nilimziba mwanangu mdomo kwa sababu ya aibu. Namtaka mwanangu."

Akapiga. Mara ya kwanza ganda lilitoa mlio wa mfupa. Mara ya pili likapasuka vipande viwili. Ndani mlikuwa na uji wa kahawia na mbegu, kama tonga lolote. Upepo ukapita kwenye mitonga nyuma yao, miiba ikakwaruzana, na mkononi mwa Luciana Nelly akaachama mdomo na kulia.

Alilia kwa nguvu, machozi yakitoka, uso umekunjamana. Wavuvi wakapiga makofi. Tekla akapiga kigelegele. Gosbert alipiga magoti akamkumbatia mkewe na mtoto kwa pamoja, naye akalia bila kujificha.

"Mwacheni alie," Tekla alisema. "Alie mpaka achoke. Ondokeni kabla jua halijashuka, msigeuke nyuma."

Octavian alisukuma mtumbwi. Nelly aliendelea kulia, na Octavian akatania, "Mwalimu, sasa utaomba anyamaze!" Gosbert akacheka. Maji yalikuwa shwari. Walikuwa wamefika katikati ya mto, mahali ambapo kambi inaonekana ndogo na moshi wa samaki unalala juu ya matete, ndipo Luciana alipohisi kifua kimelowa.

Alidhani ni machozi ya mtoto. Alijigusa. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe, yanapenya blauzi, yanachuruzika tumboni. Akamsogeza mtoto kwenye titi. Mtoto akageuza uso pembeni, akaendelea kulia, na kwa mara ya kwanza Luciana alikisikiliza kilio chake vizuri: kilianza juu, kikashuka, hakikukwama popote, kikaanza tena juu, kikashuka, vilevile, sawasawa, kama wimbo uliofundishwa leo. Na nyuma yake, kutoka kisiwani, kutoka huko kwenye mitonga ambako watu wote walikuwa wameshaondoka kwa furaha, upepo ulileta kingine, chembamba, kimechoka, kinashuka kinakwama kwenye kwikwi mbili, na kila kilipokwama maziwa yake yaliruka.

Hapo akaelewa. Tonga lilipopasuka aliyekuwa ndani alitoka kweli, akaangukia palepale majanini bila mtu kumwona, na huyu aliyempakata akaanza kulia kwa sauti kubwa ili pasiwe na mtu wa kumsikia.

Gosbert alikuwa anatabasamu akitazama ng'ambo. Octavian alikuwa anapiga mluzi. Luciana alifungua mdomo, na mara mtoto akanyamaza. Akaleta kiganja chake kidogo, cha baridi kama tope la chini ya maji, akakiweka juu ya midomo ya Luciana, akakigandamiza.

"Mwone," Gosbert alisema kwa upole. "Amemkumbuka mama yake."

Kiganja kilizidi kugandamiza. Macho yale hayakupepesa. Luciana aliushika mkono ule, ukawa mgumu kama mzizi, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka ukaachia, akasimama katikati ya mtumbwi uliokuwa unayumba, akageuka nyuma, akapiga ukelele ambao hajawahi kuupiga maishani mwake.

"Geuza! Octavian, geuza! Siye huyu! Nelly! Nelly, mama nakuja!"

Octavian alitazama blauzi iliyolowa, akatazama uso wake, akachomeka pondo kwenye tope na kulisukuma kwa kifua. Mtumbwi ukaanza kugeuka. Luciana hakuacha kuita. Mikononi mwake uzito ulikuwa unapungua kidogo kidogo, kama ndoo iliyotoboka, maji ya mto yanachuruzika kati ya vidole vyake mpaka akabaki ameshika kitenge kitupu chenye harufu ya tope, na kule kwenye mitonga kilio kikakoma ghafla, kama mtoto anyamazavyo akisikia mama yake anakuja, au kama mtoto aliyezibwa mdomo.